Forester inakwenda kilomita 7.8 kwa lita: je, fundi aondoe propela shafti?

Swali la msomaji: Habari za kazi mtaalamu. Nina Subaru Forester ya 2014, injini FB20 ya cc 1995, gia ya CVT (otomatiki isiyo na ngazi za gia), niliyoagiza kutoka Japani. Tangazo lilisema kilomita 15.2 kwa lita. Nakaa Mbezi, kazini Posta, kama kilomita 24 kwenda, na mjini napata 7.8 kwa lita. Juzi tumekwenda Morogoro familia nzima, keria juu, ikatoa 10.4. Sevisi nimefanya: plagi na eya klina mpya, oili 20W-50, na tairi mbili mpya nimeweka mbele. Themostati fundi alishaitoa zamani, akasema Dar hakuna baridi. Sasa anasema mla mafuta ni 4WD ya muda wote, anataka kufungua propela shafti ya nyuma gari livute mbele tu. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu. Propela shafti iache ilipo, halafu namba ya 7.8 iweke pembeni kidogo, kwa sababu hiyo ni namba ya foleni kuliko ya gari. Namba inayonionyesha kwamba gari lako lina shida ni ile ya Morogoro. Forester hii ikiwa nzima, imebeba familia, AC inawaka, mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, inatakiwa kutoa 12 na ushee kwa lita. Keria inaweza kuishusha hadi 11 na kitu. Wewe umepata 10.4, na katika maelezo yako mwenyewe kuna mambo matatu yanayotosha kueleza upungufu huo bila kugusa 4WD.

Kwanza tuimalize hiyo 15.2, maana inawasumbua wengi walioagiza magari Japani. Ni kipimo kiitwacho JC08. Gari huwekwa juu ya rola ndani ya jengo, likaendeshwa kilomita 8.17 kwa dakika 20. Mwendo wa wastani ni kilomita 24.4 kwa saa, mwendo wa juu kabisa 81.6, AC imezimwa, hakuna upepo, hakuna tuta. Muda wa kusimama ni karibu asilimia 30, na Forester za aina yako nyingi zina mfumo wa kuzima injini gari likisimama, kwa hiyo hata kule kusimama hakukula mafuta. Ulinganisho wa karibu zaidi na maisha yetu ni kibandiko cha Marekani. Forester ya 2014 yenye injini ya 2.5 na CVT iliandikwa maili 24 kwa galoni mjini na 32 barabara kuu, sawa na kilomita 10.2 na 13.6 kwa lita. Na huo ni mji wa Kimarekani, si Ubungo saa kumi na moja jioni.

Sasa hesabu ya foleni. Injini ya cc 2000 ikisimama inanguruma tu inakula takriban lita 0.6 hadi 0.9 kwa saa. Washa AC kwenye joto la Dar, inapanda hadi lita 1 au 1.2. Chukua safari yako ya jioni: kilomita 24 kwa saa moja na dakika 40, na katika muda huo gari limesimama kabisa tuseme dakika 45. Kusimama pekee kumekula karibu lita 0.8. Kilomita 24 zenyewe, kwa kuondoka na kusimama, zimekula kama lita 2.2. Jumla lita 3, yaani kilomita 8 kwa lita. Safari hiyohiyo ukiondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukasimama dakika 8 tu, inashuka hadi lita 2.2 au 2.3, na kompyuta itakuandikia 10.5 hivi. Gari ni lilelile, barabara ni ileile. Ndiyo maana fundi yeyote anayekuahidi 12 kwa lita kati ya Mbezi na Posta jioni anakudanganya, hata abadilishe nini. Lengo halali kwako mjini ni 8.5 hadi 9. Kwa kilomita 1,200 kwa mwezi, kutoka 7.8 hadi 8.8 ni kuokoa lita 17 au 18. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huo ujue unapigania kiasi gani kabla hujaanza kununua vipuri.

Kuhusu 4WD yenyewe. Kwenye CVT ya Forester, nguvu inakwenda tairi za mbele moja kwa moja, na ya nyuma inapitia klachi ya sahani nyingi iliyo mkiani mwa gia boksi. Kompyuta ndiyo inayoibana klachi hiyo kwa kadiri ya haja. Hali ya kawaida hugawa kama 60 mbele na 40 nyuma. Ina gharama, sikatai. Toyota RAV4 ya 2014 iliyouzwa Marekani ilikuwa na matoleo mawili ya injini moja ya 2.5: la kuvuta mbele liliandikwa maili 24 mjini na 31 barabara kuu, la magurudumu manne 22 na 29. Kwa lugha yetu ni kama kilomita 0.8 hadi 0.9 kwa lita, na hapo umehesabu kila kitu: uzito wa difu, shafti, ekseli, msuguano wote. Fundi wako akifungua propela shafti, difu ya nyuma na ekseli zake bado zitazungushwa na tairi, uzito karibu wote utabaki, na wewe utaambulia labda asilimia 2 au 3.

Ubaya wake ndio mkubwa. Ncha ya propela shafti inaingia kwenye sehemu ya nyuma ya gia boksi na kuzibwa na sili. Klachi niliyoitaja inaoga kwenye mafuta yaleyale ya CVT. Ukiichomoa shafti bila kuweka kizibo kinachobana sawasawa, mafuta ya CVT yatamwagika njiani, na CVT iliyokaukiwa haitoi onyo refu. Bei ya gia boksi, hata ya mtumba, itanunua petroli ya miezi mingi. Mfumo wa kuzuia gari lisiteleze nao umepangwa ukitegemea tairi nne zinavuta. Kwa hiyo hapana.

Ila 4WD inaweza kula mafuta kweli ikiwa tairi hazilingani, na wewe umeniambia mwenyewe kwamba umeweka mbili mpya mbele.

Tairi mpya huwa na kina cha kashata kama milimita 8. Za nyuma sijui zimebaki ngapi, tuseme 3. Kila milimita moja ya kina inabadilisha mzingo wa tairi kwa milimita 6.3, kwa hiyo tofauti ya milimita 5 inakupa mzingo wenye tofauti ya milimita 31. Vitabu vya Subaru vya Marekani vinataka tofauti isizidi robo inchi, ambayo ni milimita 6.4. Wewe uko mara tano ya hapo. Tairi ya 225/60R17 ina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa tofauti hiyo, katika kila kilomita tairi za nyuma zinazunguka zaidi ya za mbele kwa mizunguko 6 hivi. Mizunguko hiyo haina pa kwenda isipokuwa kuteleza ndani ya klachi. Klachi inapata joto, mafuta ya CVT yanapata joto, tairi zinasuguana na lami, na injini ndiyo inayolipa. Kutoka Mbezi hadi Morogoro na kurudi, hiyo ni mizunguko zaidi ya elfu mbili ya kusagana.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa. Jaza upepo sawa tairi zote nne, asubuhi zikiwa baridi. Inua tairi moja kwa jeki, zungusha futi katikati ya kashata, ibane isilegee, soma milimita, andika. Rudia zote. Kisha jaribio la pili: tafuta uwanja wa lami au saruji ulio wazi, kata usukani mpaka mwisho, achia breki gari lijivute lenyewe polepole kwenye duara. Likisita, likigutuka, au ukahisi kama handbreki imeachwa kidogo, mbele na nyuma vinapigana.

Dawa ni kununua mbili nyingine za kampuni ileile, saizi ileile, kashata ileile. Kama mfuko hauruhusu, tafuta mbili zilizotumika zenye kina kinacholingana na mpya zako, ukiangalia namba nne za mwisho za DOT ubavuni: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Zilizopita miaka sita ziache hata kama kashata inang'aa. Baada ya hapo zizungushe mbele kwenda nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili zilike pamoja. Na usikubali kubadilishiwa saizi kwa sababu gari litapanda juu kidogo. Kutoka 225/60R17 kwenda 225/65R17 kipenyo kinaongezeka kama asilimia 3.2, odomita itahesabu pungufu kwa kiwango hichohicho, na utalia gari linakula mafuta ambayo sehemu yake ni hesabu tu imepotea.

Upepo: soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa tairi za inchi 17 za gari hili ni kama psi 33 mbele na 32 nyuma, tairi zikiwa baridi. Hasara yake watu huikuza mno. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria asilimia 0.2 kwa kila psi moja iliyopungua, kwa hiyo psi 25 badala ya 33 ni asilimia 1.6 tu ya mafuta. Sababu kubwa ya kujaza sawa ni hiyo klachi na maisha ya tairi. Mafundi pancha wengi hujaza kwa kubonyeza na kidole au wanapeleka hadi 40 ili usirudi mapema. Nunua geji yako.

Sasa themostati. Hapa ndipo nisipokubaliana na fundi wako hata kidogo. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye nyuzi 85 hadi 95 haraka na kuiweka hapo. Bila hiyo, maji yanapita kwenye radieta muda wote, na barabarani, upepo ukiwa mwingi, injini inaweza kukaa nyuzi 60 au 70 safari nzima. Kompyuta ikiona maji bado baridi inaongeza petroli kana kwamba umewasha gari asubuhi. Oili inabaki nzito. Mafuta ya CVT nayo yakichelewa kupata joto, gia inachelewa kujifunga vizuri. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Kwa matumizi peke yake tegemea kupoteza asilimia 5 hadi 10, na zaidi kwenye safari fupi.

Kwa nini hukuona? Kwa sababu Forester nyingi za toleo hili hazina mshale wa joto la maji kwenye dashibodi. Kuna taa ya buluu inayozima injini ikianza kupata moto, na nyekundu ya hatari. Taa ya buluu ikishazima, kati ya hapo na nyekundu wewe ni kipofu. Nunua kifaa kidogo cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, cha kuchomeka chini ya usukani, aina ya ELM327, na programu ya simu. Asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji liwe sawa na la hewa, Dar ni kama 28. Endesha. Ndani ya dakika kumi hivi liwe limepita 80, na ukiwa kwenye mwendo wa 80 barabara kuu lisishuke chini ya hapo. Nina hakika lako litashuka.

Rudisha themostati halisi ya Subaru; nyingi za bei rahisi ni ndogo kuliko ya kiwandani na hufunguka nusu, ndipo watu wanapochemsha gari na kuamini kwamba themostati ndiyo mbaya. Iko chini ya injini, hivyo maji yatamwagika: kusanya, na ujaze kulenti ya buluu ya Subaru au nyingine isiyo na silikati, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, si ya bomba. Injini hizi za kulala hushika hewa. Inua mbele ya gari kidogo, jaza polepole, weka hita kwenye moto wa juu, acha injini ifanye kazi mpaka feni ya radieta iwake na kuzima mara mbili, ikipoa ongeza. Fundi akiruka hatua hii, gari litapanda joto kwenye foleni na lawama itarudi kwa themostati. Na kama alipoitoa sababu ilikuwa gari kuchemka, basi chanzo bado kipo: radieta iliyoziba matope, feni, au mfuniko wa radieta uliochoka. Kishughulikiwe hicho kwanza.

Oili ya 20W-50 ni jambo la tatu. FB20 ilitengenezwa kwa 0W-20. Kwa kipimo cha SAE, oili ya daraja la 20 ikiwa kwenye nyuzi 100 ina mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa 6.9 hadi 9.3, ya daraja la 50 ni 16.3 hadi 21.9. Yaani umeweka oili nzito takriban mara mbili, kwenye injini ambayo mifumo ya kugeuza muda wa valvu inaendeshwa na oili hiyohiyo. Weka 0W-20 au, kama gari limetembea sana na linapunguza oili kidogo, 5W-30. Zaidi ya hapo hakuna sababu. Takriban lita 5 zinatosha. Ipime kwa stiki, isipite alama ya juu, maana iliyozidi nayo inaleta mzigo.

Hapo hapo nikupe tahadhari, kwani imeharibu Subaru nyingi kwenye gereji za haraka. Filta ya oili ya FB20 iko juu ya injini, rahisi kuiona, lakini chini kuna nati zaidi ya moja za kumwagia: ya oili ya injini iko mbele, na nyuma yake kuna ya difu ya mbele na ya CVT. Asiyezijua humwaga mafuta ya CVT akidhani ni oili ya injini, kisha anaongeza oili mpya juu ya ile ya zamani. Gari linatoka gereji likiwa na oili karibu maradufu na gia boksi kavu. Ukitoka sevisi, chomoa stiki mwenyewe kabla hujalipa.

Ukimaliza hayo matatu, kagua breki. Hewa ya chumvi ya pwani na vumbi hukausha pini za kalipa, pedi inabaki imegusa diski. Endesha kilomita kumi barabara isiyo na foleni, simama kwa kuachia gari lipungue lenyewe bila kukanyaga sana, kisha pima joto la kila gurudumu kwa kipimajoto cha bastola, au sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Moja ikizidi mwenzake wa upande wa pili kwa nyuzi 30, hapo kuna breki inayoshika. Pini zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi huvimbisha mpira na tatizo linarudi baada ya mwezi.

Keria ishushe. Kisanduku kikubwa cha juu kinakula asilimia 2 hadi 8 mjini na 6 hadi 17 barabara kuu kwa makadirio ya serikali ya Marekani, na ukikimbia zaidi ya 105 kwa saa kinaweza kufika 25. Fremu tupu inakula kidogo zaidi ya kutokuwa na kitu, lakini haina sababu ya kuzunguka nayo Posta mwaka mzima. Ukihitaji, ifunge siku ya safari.

Eya klina na plagi ulizobadilisha hazikukosea, ila usishangae kwamba hukuona tofauti. Kwenye injini za kompyuta, eya klina iliyochafuka hupunguza nguvu ya kuondoka kuliko inavyoongeza matumizi. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima hilo na kukuta tofauti ya mafuta ni ndogo mno. Kompyuta hupima hewa iliyopita na kutoa petroli ya kulingana nayo. Plagi hakikisha ni za iridiamu zenye mwanya wa milimita 1.1, zenye iridiamu ya bandia ziko nyingi Kariakoo. Kwa injini hii plagi ziko ubavuni, kuzifikia ni taabu, na ndiyo maana mafundi wengine huzibadilisha mbili za upande rahisi na kukulipisha nne. Omba uoneshwe zote nne za zamani.

Ukishakuwa na kile kifaa cha OBD, angalia pia LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza, injini ikiwa moto. Kati ya −5 na +5 ni nzuri, hadi 10 vumilia. Ikiwa +12 au zaidi, kuna hewa inaingia bila kupimwa, mara nyingi klampu ya bomba la eya klina iliyoachwa imelegea siku ya sevisi, au pampu ya petroli imechoka. Ikiwa −12, petroli inaingia kwa wingi: nozeli inavuja au valvu ya mvuke wa tanki imeganda wazi. Lakini usitafsiri +12 kuwa gari linakula asilimia 12 zaidi. Kompyuta inaongeza ili mchanganyiko urudi pale unapotakiwa. Matumizi yanaharibika zaidi pale sensa inapodanganya, au masega ya eksozi yanapoziba na gari linakosa nguvu kwenye milima.

Uendeshaji nitaupitia haraka, maana mengi unayajua. Ukinzani wa upepo unaongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 110, unausukuma upepo karibu mara mbili. Barabara ya Morogoro imejaa vijiji vya 50 na tochi, na hapo ndipo mafuta yanapookolewa bila kuchelewa: ukiona kibao, toa mguu mapema ukiwa kwenye D. Gari likijivuta kwa mwendo wake na mguu umetoka, nozeli zinafunga kabisa, unatembea bila petroli. Ukitia gia ya N, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime, na CVT inazunguka kwa namna ambayo haikutengenezewa. Wale wanaoshuka mlima kwa kutia free wanajinyima mara mbili. AC iache iwake, Dar si mahali pa kujitesa. Fungua vioo dakika moja gari lililokaa juani litoe joto, kisha funga na uweke hewa ya kuzunguka ndani. Mfumo wa kuzima injini kwenye foleni nao utakusaidia kidogo tu huku, kwa sababu AC ikihitaji nguvu injini hairuhusiwi kuzima, na betri yake maalumu ya Q-85 ni ghali. Usiinunue kwa ajili ya petroli. Inunue ile ya sasa ikifa.

Kabla ya kuanza na baada ya kila hatua, pima hivi, usitegemee namba ya dashibodi ambayo mara nyingi inajipendelea. Jaza sheli moja, pampu moja, mpaka bomba litoe mlio wa kwanza, usiongezee. Sifurisha Trip A. Endesha kilomita 400 au zaidi za matumizi ya kawaida. Tanki ni la lita 60, huhitaji kuliacha lifike taa. Rudi pampu ileile, jaza mpaka mlio wa kwanza, gawanya kilomita kwa lita. Ongeza daftarini saa ulizokaa barabarani, kwa sababu wiki ya mvua na wiki ya likizo za shule hazilinganishwi. Oktani haina haja ya kuhangaikia: petroli ya kawaida ya Japani ni 89 kwa kiwango cha chini na FB20 imepangwa kwa hiyo, kwa hiyo petroli ghali ya oktani ya juu haikupi kilomita hata moja. Jambo la kuhangaikia ni sheli inayochakachua. Ukiona gari limebadilika mara tu baada ya kujaza mahali fulani, hama.

Utaratibu ni huu: wiki hii futi ya cherehani, upepo na keria, maana ni bure au karibu bure. Kisha themostati pamoja na kubadilisha oili kwa safari moja ya gereji. Kisha tairi mbili. Kisha breki. Mafuta ya CVT, kama hayajawahi kubadilishwa tangu gari lishuke bandarini, yabadilishe baada ya tairi kulingana, si kabla, kwa vile hizo ndizo zinazoyachemsha. Yawe ya Lineartronic yenyewe, ndilo jina la CVT ya Subaru, kamwe si ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya kawaida. Kumwaga mara moja hutoa takriban lita 5, na kiwango chake hupimwa injini ikiwa inawaka, mafuta yakiwa nyuzi 35 hadi 45. Difu ya nyuma inachukua lita 0.8 ya 75W-90 GL-5. Halafu nenda tena Morogoro kwa 80 hadi 90, bila keria. Ikirudi na 12 au 12.5, imepona, na 8.5 ya mjini ipokee hivyo hivyo. Ikibaki chini ya 11.5, niandikie joto la maji ukiwa kwenye mwendo, LTFT, na milimita za mzingo wa tairi zote nne.